Laina ya bwawa ikikunjamana, kitilie shaka kipimo kabla ya plastiki

#1 Mtunza_Maji

Wakuu, salaam.

Maswali ya mabwawa ya laina (shuka la plastiki linalotandikwa ndani ya bwawa kushika maji) yanajirudia kila mara: laina imepauka, imejaa mikunjo sakafuni, imekakamaa pale juu ya usawa wa maji. Na jibu la harakaharaka huwa "umeuziwa feki". Inawezekana. Ila kwa niliyoyaona kwenye kazi hii, mara nyingi plastiki haina kosa. Maji ndiyo yameitafuna, na aliyeyaharibu maji ni mtu anayepima kila asubuhi bila kukosa. Hicho ndicho kilichonifanya nifungue uzi.

Tuanze na laina yenyewe. Ni PVC ya unene wa kama nusu milimita hadi robo tatu, imetiwa vilainishi ili ijipinde bila kupasuka, na juu yake wamechapa vigae au mawimbi kwa wino. Klorini nyingi ikikaa muda mrefu inakula wino na kuifanya plastiki ikakamae. Maji yenye asidi, yaani pH chini ya 7, yanaifanya plastiki inywe maji na kutanuka. Sasa imebanwa kingo zote, itatanukia wapi? Inajikunja. Klorini juu na pH chini vikikutana siku kadhaa mfululizo, ndipo unapoamka unakuta sakafu ina makunyanzi ambayo jana hayakuwepo.

Viwango vya kulenga: pH 7.2 hadi 7.8 (mimi napenda 7.4 hadi 7.6), alkalini ya jumla 80 hadi 120, stabilaiza (dawa inayokinga klorini isiliwe na jua) 30 hadi 50 kwa bwawa la juani, klorini huru 2 hadi 4. Hizo namba zote isipokuwa pH ni ppm, yaani miligramu kwa lita. Nani asiyezijua? Zimeandikwa hadi kwenye mfuniko wa ndoo ya dawa. Shida iko kwenye kuzisoma.

Vile vipimo vya matone au vidonge vinavyogeuza maji kuwa ya waridi (DPD) vina tabia moja mbaya. Klorini ikizidi sana, kuanzia 10 hivi kwenda juu, inaibabua ile rangi yenyewe. Unatia dawa kwenye kichupa, waridi linatokea sekunde moja, kisha maji yanakuwa meupe pe. Unasoma sifuri, unasema "kumbe klorini imeisha", unaongeza. Kesho vilevile, sifuri. Unaongeza tena.

Haijaishia hapo. Ile dawa nyekundu ya kupimia pH (fenoli nyekundu) nayo ikikutana na klorini nyingi inageuka zambarau. Kwenye kadi, zambarau iko ng'ambo ya nyekundu, kwa hiyo unaamini pH imepanda kupita 8. Unafanya nini? Unamwaga asidi. pH ilikuwa 7.4, sasa iko 6.6, klorini iko 15 au 20, na kipimo chako kinakwambia klorini sifuri na pH juu. Umefuata maelekezo yote, na laina inakunjika mbele ya macho yako.

Dawa ya hilo ni ndogo. Ukiona sifuri wakati juzi tu ulitia klorini, au ukaona zambarau badala ya nyekundu, usitie kitu chochote bwawani. Chukua sehemu moja ya maji ya bwawa, changanya na sehemu nne za maji yasiyo na klorini (ya kununua ya chupa yanafaa, yaliyotoneshwa ni bora zaidi), pima klorini, zidisha jibu kwa tano. Sifuri ya kweli itabaki sifuri. Sifuri ya uongo itageuka waridi. Kwa pH usipunguze maji namna hiyo, jibu litapotoka. Subiri klorini ishuke chini ya 10 ndipo uiamini.

Jambo la pili ni vidonge vikubwa vya klorini, vile vya trikloro. Ni rahisi kutumia, ndiyo maana kila mtu anavyo. Lakini maji yanayotoka kwenye kidonge kile yana pH ya karibu 3. Kikianguka sakafuni kikalala usiku mmoja, asubuhi una duara jeupe lisilofutika. Na ukiviweka ndani ya skima (lile tundu la ukutani linalovuta maji ya juu kwenda kwenye pampu) halafu ukazima pampu usiku, maji makali yanajikusanya pale, na laina inayozunguka mdomo wa skima ndiyo ya kwanza kukakamaa na kuchanika. Tumia boya la vidonge lisilogota ukutani, au kifaa cha kulishia kilichofungwa kwenye bomba baada ya filta na hita.

Karibuni.

#2 Kibanda_cha_Pampu

Napiga kambi hapa. Mkuu, mimi naangalia bwawa la watu, urefu mita 8, upana 4, kina cha wastani mita 1.5. Aliyekuwepo kabla yangu aliacha ndoo ya vidonge na maneno "tia vitatu kwa wiki". Maji masafi, lakini mwani unatokea kwenye ngazi kila baada ya siku chache, na laina imeanza kupauka. Klorini nasoma 3. Inakuwaje mwani uote na klorini ipo?

#3 Mtunza_Maji

Mkuu @Kibanda_cha_Pampu, umeshawahi kupima stabilaiza? Bwawa lako ni 8 × 4 × 1.5, yaani mita za ujazo 48, tuseme 50. Kidonge kimoja cha gramu 200 kwenye maji hayo kinaleta klorini kama 3.6, na kinaacha stabilaiza kama 2.2. Klorini inatumika na kuisha. Stabilaiza haiishi, inabaki. Vitatu kwa wiki ni kama 6.6 kila wiki. Kwa miezi minne umeshavuka 100, ukitoa kidogo kinachomwagika watu wakiruka.

Stabilaiza kazi yake ni kuikinga klorini na jua, lakini inaishika. Ikiwa 100 na zaidi, klorini yako 3 imefungwa mikono. Klorini huru inatakiwa iwe angalau asilimia 7.5 ya stabilaiza. Kwa 40 hiyo ni 3, kwa 120 ni 9.

#4 DadaKemia

Naongezea kwa @Mtunza_Maji, maana hapa kuna kitu kinapitwa. Kipimo cha alkalini ya jumla kinahesabu na stabilaiza humohumo. Kwenye pH ya 7.5, karibu theluthi moja ya stabilaiza inaonekana kama alkalini. Kwa hiyo mtu mwenye alkalini 80 na stabilaiza 120 anadhani yuko salama, kumbe alkalini ya kweli, ile ya bikaboneti inayoizuia pH isiyumbe, ni 40 tu. Na vidonge vyenyewe ni asidi. Siku yoyote pH inaporomoka bila taarifa.

Kwa hiyo Kibanda, pima stabilaiza, gawa kwa tatu, toa kwenye alkalini. Ukipata chini ya 60, ongeza bikaboneti ya sodiamu, ile ile ya jikoni. Hesabu: gramu 17 kwa kila mita ya ujazo zinapandisha alkalini kwa 10. Bwawa lako la 48 ni kama gramu 800 kwa kila 10.

Na usichanganye bikaboneti na magadi soda (kaboneti ya sodiamu). Magadi soda yanapandisha pH kwa kasi, hayo ni ya siku pH imeanguka chini ya 7.

#5 Mbishi_wa_Jioni

Mnatisha watu bure. Nina bwawa la laina, natia vidonge kwenye skima mwaka wa sita huu, laina iko poa. Nadharia nyingi sana humu.

#6 Mtunza_Maji

@Mbishi_wa_Jioni, sikatai. Pampu yako inafanya kazi saa ngapi kwa siku?

#7 Mbishi_wa_Jioni

Haizimwi.

#8 Mtunza_Maji

Basi umejijibu. Maji hayatuami kwenye skima yako. Mwenye kuzima pampu saa mbili usiku hadi asubuhi hawezi kuiga. Ila stabilaiza ipime hata wewe.

#9 Mbishi_wa_Jioni

Nitapima. Nikikuta iko sawa narudi hapa.

#10 Zege_na_Vigae

Nauliza tofauti kidogo. Mimi nimezoea mabwawa ya zege. Kule tunalinda kalsiamu isishuke chini ya 200, na tunapiga hesabu ya Langelier ili maji yasile plasta. Kwenye laina kuna haja?

#11 DadaKemia

Swali zuri. Ile hesabu aliitoa Langelier mwaka 1936 kwa ajili ya mabomba ya maji, inaonyesha kama maji yatayeyusha au yatagandisha kalsiamu kaboneti. Plasta ina kalsiamu, maji yakiwa na njaa yanaikwangua. Vinaili, yaani plastiki ya laina, haina kalsiamu ya kukwangua. Kwa hiyo maji laini hayaiumizi laina yenyewe. Yanaweza kutoa povu, na kama una urembo wa vigae vyenye saruji pembeni, saruji ndiyo itakayolika.

Upande wa juu ndio wenye shida kwenu nyote. Kalsiamu ikiwa nyingi na pH ikapanda, unapata ukoko mweupe, mkavu kama msasa. Kwenye zege mnaukwangua kwa jiwe. Kwenye laina huwezi, utatoboa. Ndiyo maana nasema mwenye laina asitegemee klorini ya kalsiamu peke yake mwaka mzima. Kila klorini 10 inayotoka humo inaacha kalsiamu kama 7, nayo haiondoki.

#12 Mtunza_Maji

Hapo kwenye klorini ya kalsiamu (ile ya chengachenga ya asilimia 65) niongeze namna ya kuitia, maana ndiyo inayoacha madoadoa mengi kuliko kidonge. Mtu anachota kwa kikombe, anarusha juu ya maji kama anarushia kuku mtama. Punje hazijayeyuka, zinatua sakafuni, kila punje inababua pale ilipokaa. Ukichungulia siku maji yametulia unaona sakafu imepata vitone vyeupe vidogo, vingi zaidi upande wa kina kirefu ambako kuna mteremko.

Jaza ndoo ya plastiki maji ya bwawa kwanza, ndipo utie chengachenga ndani ya maji. Usifanye kinyume, usimwage maji juu ya unga. Koroga kwa kijiti cha plastiki, iache dakika kumi. Chini itabaki tope jeupe. Mimina maji ya juu taratibu ukizunguka bwawa huku pampu inafanya kazi, tope usilimwage bwawani. Baada ya hapo sugua sakafu kwa brashi ya nailoni.

Na tafadhali: ndoo hiyo na kikombe hicho visiwahi kugusa vidonge vya trikloro. Chengachenga na vidonge vikichanganyika vinawaka moto, vinaweza kulipuka. Na klorini ya aina yoyote ikikutana na asidi inatoa gesi inayoua. Kila dawa na chombo chake, kila dawa na kona yake stoo.

#13 Sakafu_Yangu

Mimi ndiye mwathirika. Mwezi uliopita kipimo kilisoma sifuri siku tatu, nikawa naongeza, na pH ikawa zambarau nikaweka asidi. Nimesoma #1 nikakaa chini. Mikunjo ipo upande wa kina kifupi, midogomidogo, mingi. Nimeambiwa na muuzaji wa dawa kwamba ni maji ya ardhini yameinua laina. Nitajuaje?

#14 Mtunza_Maji

Pole sana. Kwanza umeshapima kwa kupunguza maji?

#15 Sakafu_Yangu

Leo asubuhi. Moja kwa nne, ikasoma 3.5.

#16 Mtunza_Maji

Yaani 17 na ushee, na hapo umeshaacha kuongeza. Usitie kitu chochote cha klorini. Toa kifuniko cha bwawa kama unacho, acha jua lifanye kazi yake. Kifuniko kikiwa juu, mvuke wa klorini unakaa kati ya maji na plastiki na kuila laina pale juu ya usawa wa maji. Kama una haraka kuna thayosalfeti ya sodiamu ya kupunguza klorini, ila itie kidogokidogo, ukizidisha inamaliza klorini yote na hata utakayotia kesho.

pH ikiweza kupimika, ipandishe hadi 7.4. Kipimo cha umeme cha pH hakidanganywi na rangi, ukipata cha kuazima pima nacho leoleo.

Kuhusu maji ya ardhini: ingia upande wa kina kifupi, kanyaga taratibu. Laina iliyoinuliwa na maji inabonyea chini ya unyayo na kusukumana kama kuna kitu kinaogelea chini yake, na mara nyingi hutokea baada ya mvua kubwa au bwawa kupunguzwa maji. Mikunjo ya dawa imeshika sakafu, huisikii ikitembea, ni midogo na imetapakaa. Kwa ulivyoeleza, nashuku dawa.

#17 Sakafu_Yangu

Nimekanyaga. Imeshika. Haitembei.

Inanyooka?

#18 Mtunza_Maji

Mingi hainyooki kabisa. Plastiki ikishatanuka kwa namna hiyo hairudi kipimo chake. Mikunjo michache mipya watu huivuta kwa ile pampu ya mpira ya kuzibulia choo (mpya, bila shaka), maji yakiwa na joto la mchana, kuanzia katikati ya sakafu kwenda ukutani. Kwenye laina ya zamani usijaribu, utaichana. Lakini mikunjo peke yake haivujishi. Isugue mara kwa mara maana mwani hupenda kujificha ndani ya mikunjo, na waambie watu wasiikanyage wakicheza. Laina inaweza kuendelea miaka.

Jambo moja usije ukashawishika: usimwage maji yote ili "uinyooshe upya". Laina ikikauka juani inajivuta, ukijaza tena inapasuka kwenye pembe au mshono. Na kama kweli kuna maji ya ardhini, ndiyo utayakaribisha.

#19 Kibanda_cha_Pampu

Nimerudi na majibu. Kwenye stabilaiza, ile nukta nyeusi ya chini ya kichupa ilipotea kabisa kwenye mstari wa 100, nikapunguza maji nusu kwa nusu nikapata 70. Kwa hiyo 140? Alkalini 90.

#20 DadaKemia

Ndiyo, 140. Theluthi yake ni kama 47. Alkalini yako ya kweli ni 43. Umeona?

#21 Mtunza_Maji

Stabilaiza haina dawa ya kuiondoa ambayo ningekushauri. Dawa ni kubadilisha maji. Kwa laina, kwa awamu. Toa theluthi, jaza, zungusha siku nzima, pima. 140 inakuwa 93 hivi. Rudia, unafika 62. Rudia tena, 41. Usiteremke chini ya sentimita 30 za maji kwenye upande wa kina kifupi, na usifanye wiki ya mvua kubwa ardhi ikiwa imelowa. Vidonge viweke pembeni, tumia klorini ya maji. Hiyo haiongezi stabilaiza wala kalsiamu, inaacha chumvi kidogo tu. Imimine mbele ya tundu la kurudishia maji, pampu ikiwa inafanya kazi.

Na asidi ni hivyohivyo. Ni nzito kuliko maji, ukiimwaga pembeni ya ukuta inashuka moja kwa moja na kulala sakafuni kwenye shimo la kina kirefu. Uzi mwembamba, mbele ya tundu, mbali na ukuta.

#22 Chumvi_Mpole

Mimi nina mashine ya chumvi, ile inayotengeneza klorini kutokana na chumvi ya bwawani. Laina inaathirika na chumvi?

#23 Mtunza_Maji

Chumvi ya 3000 hadi 3500 laina haiijali. Ukuta wa chuma nyuma ya laina ndio unaojali, laina ikivuja. Cha kuangalia kwako ni pH, mashine za chumvi huipandisha taratibu kila siku, kwa hiyo wewe shida yako itakuwa ukoko kuliko mikunjo. Alkalini yako iache 60 hadi 80, pH haitakusumbua sana.

#24 Kisima_Kirefu

Nimejaza maji ya kisima, yalikuwa maangavu. Nikatia klorini ya kutosha ili kuyasafisha, ndani ya saa moja yakawa rangi ya chai. Sasa laina ina madoa ya kahawia. Nimesugua hadi mkono umechoka.

#25 DadaKemia

Hicho ni chuma. Kilikuwa kimeyeyuka, hukukiona; klorini imekigeuza kutu. Acha kusugua. Chukua kidonge cha vitamini C, kishikilie juu ya doa nusu dakika, kisha tazama. Doa likififia chini yake, ni chuma. Hapo unaweza kutibu bwawa zima kwa asidi ya askobiki, ila subiri klorini ishuke karibu na sifuri kwanza, vinginevyo klorini inaila dawa yote. Ukimaliza tia dawa ya kushikilia madini, kisha rudisha klorini taratibu, maana ukiipandisha kwa pupa chuma kinarudi palepale. Pima na pH, askobiki inaishusha.

Doa la majani halijali vitamini C, ila linafifia ukiligusa kwa klorini.

#26 Sakafu_Yangu

Na doa la waridi? Nina moja karibu na ngazi, linaenea polepole, klorini inalififisha na baada ya wiki limerudi.

#27 Mtunza_Maji

Hilo limetoka nyuma, mkuu. Kuna vijidudu vinaishi kwenye unyevu chini ya laina, vinatoa rangi inayopenya plastiki kuja upande wako. Klorini unayotia inafuta rangi iliyofika juu, vyenyewe haivifikii. Usikimbizane nalo kwa klorini, utapausha maua yote yanayolizunguka na doa libaki. Liache hivyo hadi siku ya kubadilisha laina, na siku hiyo udongo utibiwe kabla ya mpya kutandikwa. Angalia pia kama pale kwenye ngazi hapavuji, maana unyevu umetoka mahali.

#28 Mbishi_wa_Jioni

Nimepima stabilaiza. 110.

Klorini ya maji inakaa muda gani stoo?

#29 DadaKemia

Inapoteza nguvu kwa joto na mwanga. Nunua ya kukutosha wiki chache, iweke gizani penye ubaridi, na iwe mbali na asidi.